Nuru ya Uso na Dawa ya Chunusi



Ndugu zangu katika imani, mwaka jana katika hosteli yetu hapa Kigali tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa akituswalisha Alfajiri. Hakuwa mkubwa wetu kwa umri, ila alitushinda kwa hifdhi na kwa sauti. Chumba chetu cha kuswalia ni kidogo, safu tatu tu, na wa nyuma migongo yao inagusa mlango. Lakini kwa ajili ya kisomo chake watu walikuwa wakiamka. Muhula wa pili ulipoanza, uso wake ukatoka chunusi. Si zile mbili tatu ambazo kila kijana anazijua, bali zile kubwa, ngumu, zenye maumivu, zilizoshika mashavu yote mawili na taya hadi shingoni. Siku moja baada ya swala mmoja wetu akamwambia kwa mzaha: "Sheikh, tunasikia anayesimama usiku hupewa nuru usoni. Yako imechelewa njiani?" Tukacheka. Yeye naye akacheka. Wiki iliyofuata alisema koo linamuuma, mwingine aswalishe. Baada ya hapo hakutoa sababu tena. Akawa anaswali safu ya nyuma, na mwishowe akawa anaswali chumbani kwake.

Aliyesema mzaha ule ni mimi.

Miezi miwili baadaye ndugu huyu alinijia kwa kuwa ninasomea ufamasia. Alikuwa amekwisha kununua mkorogo, au mukorogo kama tunavyouita hapa, katika kopo lisilo na lebo, kwa mtu aliyemwapia kwamba siku saba zitatosha kumng'arisha uso. Siku ya nne ngozi ilimwaka moto, na ilipotulia ikaacha mabaka. Sasa alinionesha video kwenye simu: mtu amelala, amepakwa krimu usoni, macho yamefunikwa, na juu yake inawaka taa ya bluu. Msemaji alikuwa akieleza kwamba dawa ile haifanyi kazi mpaka iguswe na mwanga. Ndugu yangu akaniuliza maswali mawili. La kwanza: hii ni tiba kweli au ni biashara? La pili aliliuliza kwa sauti ya chini: "Na kama ni kweli, je, si kubadili alichoumba Allah? Pengine ninatakiwa nisubiri tu."

La kwanza nilimjibu siku ileile. La pili nimekaa nalo hadi leo. Ninayoandika hapa si fatwa, kwani mimi si mtu wa fatwa. Ni mwanafunzi anayefikiri mbele ya wanafunzi wenzake, na nilipoteleza masheikh wetu watanirekebisha.

Dawa inayongoja mwanga

Wanazuoni hutufundisha kwamba huwezi kukihukumu kitu usichokielewa. Kwa hiyo tuanze na kitu chenyewe.

Chunusi si uchafu, wala si alama ya dhambi, wala si matamanio yaliyomjaa mtu kama wanavyonong'ona watu mabwenini. Chini ya ngozi zetu kuna tezi ndogo za mafuta. Ujana unapoingia, homoni huziamsha, mafuta yanazidi, na seli za ngozi zilizokufa huziba vitundu vya vinyweleo. Ndani ya kizibo hicho anastawi bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, mwenye chunusi na asiye nazo. Mwili hupambana, na mapambano hayo ndiyo uvimbe, usaha na maumivu. Kwenye ngozi nyeusi kama zetu, uvimbe ukishapona huacha madoa meusi yanayoweza kukaa miezi mingi kuliko chunusi yenyewe. Anayemwambia mwenzake "jifunze kunawa" na akumbuke kwamba anamwambia mtu anayetawadha mara tano kwa siku.

Bakteria huyo hutengeneza ndani yake vitu viitwavyo porfirini. Gizani porfirini hutulia. Zikipigwa na mwanga, hasa ule wa bluu wa karibu nanomita 415, hunyonya nguvu yake na kuipeleka kwenye oksijeni iliyo jirani, na oksijeni hiyo hugeuka kali na kumdhuru bakteria yuleyule aliyezitengeneza. Hiyo ndiyo tiba ya mwanga pekee. Tiba ya krimu na mwanga huongeza hatua moja. Mgonjwa hupakwa asidi ya aminolevuliniki, ambayo mwili wenyewe huitengeneza na kuitumia katika safari ya kuunda rangi nyekundu ya damu. Ngozi, na zaidi zile tezi za mafuta, huigeuza krimu hiyo kuwa porfirini nyingi. Kisha taa huwashwa: ya bluu kwa tabaka la juu, au nyekundu ambayo huzama ndani zaidi kuifikia tezi.

Aliyetufungulia mlango huu alikuwa mwanafunzi kama sisi. Mwishoni mwa karne ya 19 katika mji wa Munich, Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari Oscar Raab, chini ya mwalimu wake Hermann von Tappeiner, alikuwa akipima jinsi rangi iitwayo akridini inavyoua vijidudu vya majini. Majibu yake yakawa hayalingani: kipimo kilekile, siku moja kinaua upesi, siku nyingine kinakawia. Alipochunguza akagundua kwamba tofauti ilikuwa mwanga uliokuwamo chumbani. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1900. Miaka mitatu baadaye, 1903, Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga.

Lakini tusidhani kwamba jambo hili lilianzia Ulaya. Ibn al-Baytar, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Malaga katika Andalusia na kufariki Damascus mwaka 1248, aliandika juu ya mmea waliokuwa wakiutumia Waberiberi wa Afrika Kaskazini kwa wenye mabaka meupe ya ngozi: mgonjwa alipewa mbegu zake, kisha akaketishwa juani. Katika miaka ya 1940 huko Misri, Abdel Monem El Mofty aliurudia mmea huohuo kwa njia za maabara, na kutoka hapo ikazaliwa tiba ya dawa na mwanga ambayo hospitali nyingi duniani zilikuja kuitumia kwa magonjwa ya ngozi. Dawa inayongoja mwanga haikuja kwetu kama mgeni. Waislamu waliiandika vitabuni zaidi ya miaka 700 iliyopita, na hatukusikia kwamba walimwona Ibn al-Baytar kama mtu anayechezea uumbaji.

Sasa jibu nililompa ndugu yangu kwa swali la kwanza. Ni tiba kweli, lakini si ya kuanzia. Mwaka 2016 mapitio ya taasisi ya Cochrane yalikusanya majaribio 71 ya tiba za mwanga kwa chunusi, na yakahitimisha kwamba ushahidi wenye ubora bado ni haba. Asidi ile iliidhinishwa Marekani mwaka 1999 kwa vidonda vya ngozi vinavyotokana na jua na vinavyoweza kuelekea kwenye saratani, wala haikuidhinishwa kwa chunusi. Madaktari wanaoitumia kwa chunusi hufanya hivyo kwa uamuzi wao wa kitaalamu. Nayo ina gharama zake mwilini: kuungua, uvimbe, kuchubuka, na kwa ngozi nyeusi hatari ya kuachiwa madoa. Kwa takriban saa 48 mgonjwa hujificha na jua, kwa sababu dawa iliyobaki ngozini haiwezi kutofautisha taa ya daktari na jua la saa saba mchana. Na kabla ya kufika huko zipo dawa za duka la kawaida zenye ushahidi mzuri zaidi: jeli ya benzoili peroksaidi, krimu ya adapalini inayopakwa usiku, na nyinginezo ambazo daktari ataziamua. Zinataka uvumilivu, wiki 8 hadi 12 kabla ya kuona tofauti ya maana. Video haisemi hivyo, maana wiki 12 haziuziki.

Je, ni kubadili uumbaji?

Turudi kwenye swali la pili. Wanaozuia wana hoja, na si haki kuidharau. Sote tunaijua hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayowalaani wanaochanja chale za urembo na wanaochonga meno kwa ajili ya uzuri, wanaobadili uumbaji wa Allah. Qur'an nayo, katika Suratun-Nisaa, inataja kuwaamrisha watu wabadili alichoumba Allah kuwa ni miongoni mwa ahadi za shetani. Kijana mcha Mungu akisoma hayo kisha akajitazama kwenye kioo akiwa na krimu mkononi, ana haki ya kusita.

Lakini Sunna hiyohiyo inatupa kisa cha Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab. Alijitengenezea pua ya fedha, ikaoza na kunuka. Mtume (s.a.w.) akamwamuru atumie ya dhahabu, madini ambayo kwa mwanamume kwa kawaida ni haramu. Tafakari jambo hilo. Pua ya dhahabu haikumsaidia Arfaja kupigana wala kulima. Ilimrudishia uso. Imamu Nawawi alipoifafanua hadithi ya meno alieleza kwamba makatazo ni kwa anayechonga kutafuta uzuri, ama anayehitaji kwa tiba au kwa aibu iliyo kwenye jino, hapana ubaya.

Kwa hiyo mstari upo, nao hautenganishi kuugusa uso na kutougusa. Unatenganisha kurudisha na kukana. Anayetibu chunusi anaomba ngozi yake irudi katika hali ambayo Allah aliiumba nayo kabla ya maradhi. Anayejichubua anaomba asiwe na ngozi aliyopewa. Makopo yao yanaweza kukaa rafu moja, na kwa macho ya mpita njia wote wawili "wanapaka krimu usoni," lakini wanakwenda njia mbili zisizokutana. Serikali ya hapa ilipoanza mwishoni mwa mwaka 2018 kukaza msako wa bidhaa za kujichubua madukani, sababu iliyotajwa ilikuwa afya: haidrokwinoni na zebaki hudhuru. Sisi tunayo sababu ya pili iliyotangulia sheria hiyo. Weusi wa mja si maradhi hata utafutiwe dawa.

Ugumu ni kwamba mtu mmoja anaweza kuzipita njia zote mbili ndani ya wiki moja. Ndugu yangu alianza kwa kutaka kupona. Muuzaji wa mkorogo akamgeuzia ombi lake mdomoni: aliomba ngozi isiyouma, akauziwa ngozi nyeupe. Na asingeuziwa kwa urahisi ule kama sisi tusingekuwa tumemfundisha kwanza kwamba uso usiong'aa hauna nuru.

Hoja ya subira

Yupo atakayesema: sawa, si haramu, lakini aliye bora ni yule anayesubiri. Naye atatutajia yule mwanamke mweusi aliyemjia Mtume (s.a.w.) akilalamika kwamba huanguka kifafa na kufunukwa mwili wake. Mtume alimpa hiari: akitaka asubiri na apate Pepo, au akitaka aombewe apone. Akachagua subira. Je, kisa hiki hakitufundishi kuyabeba maradhi?

Kinafundisha, lakini tusome hadi mwisho. Baada ya kuchagua subira mama yule aliomba kitu kimoja: aombewe asifunuliwe anapoanguka. Akaombewa. Alikubali kuubeba ugonjwa, na hakukubali kuibeba fedheha. Wala Mtume hakumwambia kwamba kuijali heshima yake mbele za watu ni upungufu wa imani. Mwenye chunusi kali huumia mara mbili: ngozi inauma, na macho ya watu yanauma. Akisubiri kwa la kwanza na kutafuta sitara kwa la pili, anao mfano mwema wa kuufuata.

Kisha, hiari ile alipewa mwenyewe mgonjwa. Hakupewa jirani yake ampangie. Subira ni ibada anayoichagua anayeumwa kwa ajili ya nafsi yake. Ikitoka kwa mwenye mashavu laini kwenda kwa mwenye vidonda, inakuwa kitu kingine, na mara nyingi ni njia ya heshima ya kusema "usinisumbue." Mtume wetu ametuhimiza tutafute dawa, akatufahamisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na tiba yake. Kumeza kidonge cha malaria hatukuiti kukosa subira. Kwa nini maradhi yakihamia usoni tunabadilisha fiqhi?

Maswali matatu mbele ya kioo

Hata hivyo ruhusa si mwisho wa maadili. Jambo linaweza kuwa halali na nia iliyo ndani yake ikawa imeoza. Nimejaribu kujiwekea maswali matatu, na ninayaleta kwenu myapime.

La kwanza: ninaomba kurudishiwa, au ninaomba kuwa mtu mwingine? Jibu hujitokeza kwenye picha tunayompelekea daktari. Anayempelekea picha yake mwenyewe ya miaka miwili iliyopita anataka kupona. Anayempelekea picha ya msanii na akae kwanza na nafsi yake.

La pili: nani analipa? Tiba ya taa hurudiwa mara kadhaa, na bei yake si ya mfuko wa mwanafunzi. Wengi wetu tunasoma kwa jasho la watu. Kuna mama anayeuza ndizi na kuna kaka aliyesimamisha masomo yake ili sisi tusome. Fedha ile ni amana. Kutumia sehemu yake kwa jeli ya dukani na kumwona daktari wa ngozi ni matunzo ya mwili, ambao nao ni amana. Kuitumia ada kwa taa kabla ya kujaribu dawa ya bei nafuu iliyo na ushahidi bora zaidi ni israfu, hata kama daktari ana leseni na kliniki ina marumaru. Na dada zetu wajihadhari zaidi: vidonge vya aizotretinoini, ambavyo hutolewa kwa chunusi kali, hulemaza mtoto aliye tumboni, na havinunuliwi kwa rafiki wala kwenye simu.

La tatu ndilo zito: dawa ikishindwa, nitabaki na nini? Kila tiba inaweza kushindwa, na hii tumeona ushahidi wake bado ni mchache. Aliyeutundika utu wake wote kwenye taa ile, taa ikizimwa na chunusi zikabaki, ameporomoka. Aliyeijia kama sababu miongoni mwa sababu, huku akijua kwamba anayeponya ni Allah, atarudi nyumbani na mashavu yaleyale lakini atasimama safu ya mbele. Tawakkul kwa maana hii haingoji nje ya mlango wa hospitali. Inaingia na mgonjwa na kutoka naye, vyovyote majibu yatakavyokuwa.

Kwa atakayeamua kutibiwa yapo pia mambo madogo ya dini ya kupanga mapema. Krimu ya tiba hii kwa kawaida huondolewa baada ya muda wake, kwa hiyo hakikisha haijaacha tabaka linalozuia maji ya udhu. Ikiwa daktari amezuia maji kwenye ngozi iliyochubuka, fiqhi ina milango yake kwa mwenye jeraha, muulize sheikh wako kabla ya siku yenyewe. Na kwa kuwa utajificha na jua kwa siku mbili, usichukue miadi ya Alhamisi. Chukua ya Jumamosi, ili Ijumaa isikukute nyuma ya pazia.

Sehemu yetu sisi

Nimesema mengi juu ya anayetibiwa. Nimalizie kwa anayetazama, yaani mimi.

Tunapenda kumfariji mwenye chunusi kwa kumkumbusha kwamba Allah haangalii sura zetu bali nyoyo na amali. Ni kweli tupu. Lakini hadithi ile inamhusu anayetazama kabla ya anayetazamwa. Kama Mola hatupimi kwa sura, mimi nimepata wapi mizani ya kumpima ndugu yangu kwa mashavu yake? Nuru ninayoitania mimi, Qur'an imeizungumzia kuwa itakwenda mbele ya waumini Siku ya Kiyama, na hadithi imeihusisha na athari za udhu. Hakuna mahali ilipoelezwa kwamba ni ngozi laini ya mwanafunzi wa mwaka wa pili. Niliichukua ahadi ya Akhera nikaifanya kioo cha kumwumbulia mtu.

Kulikuwa na Sahaba wa majangwani, Zahir (r.a.), ambaye masimulizi yanasema hakuwa na sura ya kuvutia. Siku moja akiwa sokoni na bidhaa zake, Mtume (s.a.w.) alimkumbatia kwa nyuma, akatania kwamba anamuuza mtumwa huyu. Zahir akajibu kwamba basi bidhaa hiyo haitapata mnunuzi. Mtume akamjulisha kwamba kwa Allah yeye si bidhaa iliyododa, bali ni wa thamani. Angalieni mizaha miwili. Mzaha wa Mtume ulianza kwa kumkumbatia mtu na ukaishia kwa kumpandisha bei. Wangu ulifanywa kwa mbali, na ulimshusha mtu hadi akahama safu.

Nilimwomba radhi mwezi wa Ramadhani. Nilitegemea aseme kwamba amekwisha sahau. Hakusema hivyo. Alisema: "Uliposema nuru imechelewa, nilirudi chumbani nikajitazama kwenye kioo nione kama ni kweli. Nikaona ni kweli." Alinyamaza kidogo, kisha akasema amenisamehe. Ninaamini amenisamehe. Sijui kama neno lile limetoka ndani yake.

Alikwenda kumwona daktari wa ngozi, naye akamwambia taa haihitajiki kwa sasa. Anapaka jeli asubuhi na krimu usiku. Zile kubwa zimepungua, madoa yamebaki, na huenda yakakaa. Alfajiri ya mwezi uliopita, aliyekuwa akituswalisha akiwa safarini, watu walitazamana, kisha mmoja akamshika ndugu yule mkono akampeleka mbele. Alikwenda. Alisoma Suratut-Tin, ambamo Allah anatuambia kwamba amemuumba mwanadamu katika umbile lililo bora. Sijui kama aliichagua kwa makusudi. Mimi nilikuwa safu ya pili, na kutokea pale uso wa imamu hauonekani.

Ewe Mola wetu, kama ulivyoyafanya mazuri maumbile yetu, zifanye nzuri na tabia zetu. Waponye wagonjwa wetu, uzizuie ndimi zetu zisiwaongezee maradhi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.